Pacha wa kufanana, mmoja anaitwa guka

Swali: Daktari, mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma huko Kariobangi, nina miaka 43. Nina ndugu pacha, wale wa kufanana kabisa. Shuleni mwalimu alikuwa akimchapa huyu kwa kosa la yule. Yeye ni karani, anashinda ofisini Upper Hill. Siku hizi tukisimama pamoja watu hudhani nimemtangulia kuzaliwa kwa miaka kumi. Nina mvi, shingo imekunjamana, na vijana wa karakana wananiita guka, yaani babu. Nimesoma kwamba uzee huletwa na DNA kuharibika. Kama DNA yetu ni moja, mbona yangu iharibike na yake ibaki salama? Kuna mtu mjini anauza vidonge vya kukarabati DNA, shilingi 6,500 kopo moja. Ninunue? Na je, uharibifu huu nitawarithisha watoto?

Jibu: Ndugu yangu, hizo 6,500 ziache mfukoni kwanza. Tutazirudia.

Nianze hapo unaposema DNA yenu, yaani yale maandishi ya urithi yaliyo ndani ya seli, ni moja. Ilikuwa moja kwa siku chache tu, mlipokuwa bado yai moja lililotungwa. Yai lilipogawanyika, kila mmoja aliondoka na nakala yake, na tangu hapo amekuwa akiinakili peke yake, seli kwa seli, mpaka kufikia zile seli trilioni 30 hivi za mtu mzima. Mlipewa kitabu kimoja, sawa, lakini chako kimekuwa kikifunguliwa karakanani na chake ofisini. Huko Denmark walichunguza mapacha waliozaliwa kati ya 1870 na 1900 ili kujua urithi unachangia kiasi gani katika urefu wa maisha. Jibu lililochapishwa mwaka 1996 lilikuwa takriban robo. Kwa hiyo pacha kutofautiana si ajabu.

Sasa DNA yenyewe. Muhula unapoanza huwa nawaambia wanafunzi waje na kipande cha paipai, chumvi, sabuni ya kuoshea vyombo na spiriti iliyopoa vizuri. Wanaponda, wanachuja, wanamimina spiriti polepole, na baada ya dakika chache zinapanda nyuzi nyeupe, laini, zinazoteleza kama kamasi. Hiyo ndiyo DNA. Wengi hushangaa kwamba inaonekana kwa macho. Mimi hutaka washangazwe na ulaini wake. Katika kila seli yako yenye kiini mna takriban mita mbili za uzi huo, umekunjwa ukaingia mahali usipopaona bila hadubini, na umeandikwa herufi za kikemia zipatazo bilioni sita.

Zamani wanakemia wengi waliamini uzi huo ni imara sana, maana bila uimara urithi ungewezekanaje? Tomas Lindahl, Mswidi, ndiye aliyeanza kulitilia shaka jambo hilo. DNA inaishi ndani ya maji, tena ya vuguvugu, nyuzi joto 37, na maji hayaachi kitu salama. Alipopiga hesabu aligundua kwamba maji peke yake hung'oa maelfu ya herufi katika kila seli kila siku. Ongeza hewa ya oksijeni unayoitumia kuunguza chakula mwilini, ambayo huacha mabaki makali yanayoung'ata uzi, ongeza na makosa ya kunakili seli zinapogawanyika, na unafika kwenye makumi ya maelfu ya majeraha kwa seli moja kwa siku moja. Hapo hujawasha mashine yako. Pacha wako naye, amekaa kwenye kiti cha kuzunguka, anapata hayo hayo.

Kwa kasi hiyo hatungemaliza hata mwezi. Tunaishi kwa sababu kuna mafundi. Lindahl aliwatafuta, akawapata: vimeng'enya vinavyopita juu ya uzi, vinakata herufi mbovu na kuweka nzima. Paul Modrich akaonyesha vile vinavyosahihisha makosa ya kunakili, na Aziz Sancar, aliyezaliwa Uturuki, akaonyesha vinavyoondoa majeraha ya mwanga. Wote watatu waligawana Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2015.

Majeraha ya mwanga ndiyo yanayokuhusu wewe hasa. Mwanga wa jua una miale isiyoonekana inayoitwa urujuanimno, nayo ni ya aina tatu: A, B na C. Ile C, iliyo kali kuliko zote, huzuiwa na tabaka la ozoni huko juu, haitufikii. Lakini ule mwale wa buluu unaozuka ncha ya rodi inapogusa chuma hutoa zote tatu, na hutoa hatua moja kutoka usoni pako, pasipo ozoni yoyote katikati. Miale hiyo ikiipata DNA hugandisha herufi mbili zilizo jirani zikawa kama zimechomelewa. Samahani kwa mfano huo, ila ndivyo hasa inavyokuwa: viungo viwili vilivyotakiwa kuwa huru vimeshikana, na kila mashine ya seli inayopita hapo inakwama. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lile la Lyon, Ufaransa, liliiweka miale ya kuchomelea pamoja na moshi wake katika kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu, uamuzi wa mwaka 2017. Na kama ilivyo kwa mafundi wengi wa jua kali, bila shaka nusu ya kazi unaifanyia nje. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari na karibu na ikweta, kwa hiyo jua letu ni kali hata siku ambayo baridi ya Julai inakufanya uvae jaketi. Weusi wa ngozi ni mwavuli mzuri, lakini mwavuli una mwisho wake.

Umesema shingo imekunjamana. Nakisia pia kwamba kuna siku ulichomelea shati likiwa wazi, kesho yake shingo ikawaka moto, na baada ya siku kadhaa ngozi ikabambuka. Hapo ulishuhudia jambo kubwa bila kujua. Ngozi ile haikuungua kama nyama kwenye jiko. Seli zake zilihesabu majeraha, zikaona hayatengenezeki, zikajiua. Anayeshika hesabu ni protini moja iitwayo p53. Uzi ukikatika au kuganda, p53 husimamisha kazi yote mpaka mafundi wamalize. Wakimaliza, seli huendelea. Wakishindwa, inaiamuru ife. Ndovu, aliye na seli nyingi kutushinda na anayeishi miaka sitini na zaidi, ana nakala 20 za jeni ya p53, yaani kipande cha DNA chenye maagizo ya kuiunda, ilhali sisi tuna moja, na seli zake hujiua kwa urahisi mno zikijeruhiwa. Inaaminika ndiyo sababu mojawapo saratani humpata kwa nadra. Ukipeleka watoto Lang'ata kuwaona wale ndovu yatima, wasimulie hilo.

Kuna njia ya tatu, na hapa ndipo uzee unapoingilia. Seli nyingine haitengenezwi na haifi. Inaacha kugawanyika milele, inabaki pale pale. Leonard Hayflick na Paul Moorhead waliiona hali hiyo maabarani Marekani mwaka 1961: seli za binadamu zikigawanyika mara 50 hivi, basi, hazisongi. Baadaye ikajulikana sababu. Ncha za kromosomu, yaani vile vipande ambavyo uzi wa DNA umegawanyika, zina pindo, mfano wa pindo la leso linalozuia nyuzi zisifumuke, na kila mgawanyiko hupunguza kidogo. Pindo likiisha, seli huiona ncha ile kama uzi uliokatika, p53 inaamshwa, na kazi inasimama. Majeraha mengi ya kawaida hufikisha seli hapo hapo bila kungoja pindo liishe.

Seli ya namna hiyo ningeifananisha na mpangaji aliyeacha kulipa kodi lakini hahami, tena usiku anafungulia redio kwa sauti ya juu. Haifanyi kazi yake, na humwaga kemikali zinazoleta mchochota kwa majirani, zinazokula nyuzi zinazoshikilia ngozi ikae imara, na zinazowasukuma majirani nao waache kazi. Zikiwa chache, kinga ya mwili huzifukuza. Zikijaa, ngozi hulegea, viungo huuma, mishipa hukakamaa. Mwaka 2011 watafiti wa Mayo Clinic waliunda panya ambao seli zao za aina hiyo zingeweza kuuawa kwa dawa, na panya hao walichelewa kupata mtoto wa jicho na kulegea misuli. Kwa binadamu bado ni majaribio. Hakuna dawa iliyoidhinishwa kwa kazi hiyo.

Sasa nieleze kwa nini naamini kwamba jeraha lenyewe halizeeshi sana kama jibu ambalo seli hulitoa. Kuna magonjwa mawili adimu ya kurithi ambayo nikiyafundisha darasa zima hunyamaza. Yote mawili hutokana na kasoro katika wale mafundi wa majeraha ya mwanga aliowaeleza Sancar. La kwanza ni xeroderma pigmentosum, hufupishwa XP. Mtoto mwenye XP akipigwa na jua kidogo ngozi hujaa madoadoa, na wengi hupata saratani ya ngozi wakiwa bado wadogo. Mwaka 1968 James Cleaver alionyesha kwamba seli zao haziwezi kukarabati DNA. La pili ni ugonjwa wa Cockayne, uliopewa jina la daktari wa London aliyeueleza mwaka 1936. Mtoto huyu naye jua humuunguza, lakini saratani haimwandami. Yeye anazeeka. Anadumaa, macho yanaingia ndani, masikio yanaziba, mtoto wa jicho anatanda, na wengi hawafikii utu uzima.

Mafundi ni wa idara moja, basi inakuwaje matokeo yatofautiane namna hiyo? Idara hiyo ina doria mbili. Moja hupita uzi mzima, kurasa zinazosomwa na zisizosomwa. Nyingine hufuata kurasa zinazosomwa tu, ikisubiri msomaji, ile mashine ya seli inayosoma uzi, akwame kwenye jeraha ili imkwamue. Katika aina moja ya XP ni doria ya kwanza tu iliyokufa. Seli inaendelea kusoma na kugawanyika ikiwa na majeraha ambayo hakuna aliyeyaona, na kunakili juu ya jeraha huandika herufi isiyo yake. Kosa hilo likishaandikwa pande zote mbili za uzi, hakuna fundi anayeweza kulitambua tena. Hiyo ndiyo mutesheni, na mutesheni zikiangukia jeni mbaya huzaa saratani. Katika Cockayne ni doria ya pili iliyokufa. Msomaji anakwama, haondolewi, ukurasa haukamiliki, na seli inakufa au inaacha kazi. Haifiki hata hatua ya kuwa saratani. Mwili unapungukiwa na wafanyakazi siku hadi siku.

Kwa hiyo, ndugu yangu, saratani na uzee ni watoto wa jeraha moja waliolelewa nyumba mbili. Kila seli yako ya shingo iliyokubali kustaafu ilikukinga na uvimbe, na makunyanzi ni gharama yake. Sisemi hili kukufariji. Ndilo ninaloliona nikiweka ushahidi pamoja.

Wapo wenzangu wanaoamini kwamba mutesheni zenyewe ndizo zinazozeesha, nao wana hoja. Mwaka 2022 taasisi ya Sanger ya Uingereza ilichapisha hesabu ya mutesheni katika seli za utumbo za aina 16 za wanyama. Panya wa kawaida alikusanya karibu 800 kwa mwaka, binadamu 47. Panya anaishi miaka mitatu au minne, sisi themanini na kitu. Zidisha na utaona kila mnyama anafika mwisho wa safari akiwa na mzigo unaokaribiana. Miongoni mwao alikuwemo mwenzetu wa hapa nyumbani, yule fuko asiye na manyoya anayechimba ardhi kavu ya Mtito Andei kwenye barabara ya Mombasa. Ukubwa wake ni kama wa panya lakini huishi zaidi ya miaka 30. Maabara za ng'ambo zimemfuga kwa miongo mingi zikitafuta siri yake. Mutesheni zake zilikuwa 93 kwa mwaka.

Hesabu nzuri sana. Lakini mwaka mmoja kabla yake kulitokea uchunguzi wa watu waliozaliwa na kasoro katika vimeng'enya vya kunakili DNA. Hao hubeba mutesheni nyingi kupita kiasi, tena kwenye viungo vingi, na saratani huwajia mapema. Uzee, hapana, hawaonyeshi dalili za kuzeeka kabla ya wakati. Kama mutesheni ndizo zingekuwa chanzo kikuu, watu hao wangekuwa vikongwe wakiwa na miaka thelathini. Ndiyo maana nasimama upande wa Cockayne.

Turudi karakanani. Mwaka 2012 jarida moja kubwa la tiba la Marekani lilichapisha picha ya dereva wa lori wa miaka 69. Upande wa kulia wa uso wake ulikuwa wa mtu wa umri wake. Wa kushoto, uliokaa dirishani kwa miaka 28, ulikuwa umekunjamana na kuning'inia. Uso ni mmoja, DNA ni moja, na hata mapacha hawakaribiani kiasi hicho. Kioo cha gari huzuia miale ya B, ile ya A hupita. Ukipanda matatu kaa mbele umtazame dereva aliyezeekea kazini; kwetu usukani uko kulia, basi linganisha shavu la kulia na la kushoto.

Sigara hukuitaja. Kama unavuta na yeye havuti, ongeza hapo. Huko Twinsburg, Ohio, mapacha hukusanyika kila mwaka kwa tamasha, na kutokana na tamasha hilo madaktari walilinganisha jozi 79 zilizotofautiana kwa uvutaji. Mvutaji alitambulika kwa mifuko ya macho na mikunjo ya midomo. Moshi wa kuchomelea nao una yake, hasa wa chuma kisichoshika kutu, ambao huwa na kromiamu na nikeli. Na kuna sumu moja ambayo wewe na pacha wako pengine mnalingana, maana ugali ni ule ule: aflatoksini ya mahindi yaliyoota kuvu. Mwaka 2004 ilisababisha vifo 125, hasa Makueni na kwingineko Ukambani, lakini hao waliuawa na dozi kubwa iliyoharibu ini kwa siku chache. Dozi ndogo ya kila siku haikuangushi. Hujishikiza kwenye herufi G ya DNA ya ini na mara nyingi huiharibu jeni ile ile ya p53, mahali pale pale, kiasi kwamba wachunguzi wakiona kosa hilo kwenye saratani ya ini huishuku aflatoksini mara moja. Mahindi yenye ukungu usiyapepete, yatupe.

Vidonge sasa. Ukarabati wa DNA hufanywa na vimeng'enya ambavyo seli hujitengenezea yenyewe kwa kusoma jeni zake. Ukivimeza, tumbo litavimeng'enya kama nyama ya kuchoma. Kama kopo lile lina vitamini za kuzima mabaki ya oksijeni, hizo zimewahi kupimwa kwa uzito: Finland waliwapa wanaume wavutaji zaidi ya 29,000 beta-karotini au vitamini E, wakitumaini saratani ya mapafu ingepungua. Matokeo ya mwaka 1994 yalikuwa kwamba waliokunywa beta-karotini waliugua saratani hiyo zaidi, kwa asilimia 18. Machungwa na sukuma wiki endelea navyo. Kopo mwachie mwenyewe.

Najua pia kuna maziwa. Kila fundi wa kuchomelea niliyemfahamu hunywa pakiti moja mchana kusafisha kifua. Maziwa huenda tumboni, moshi uko mapafuni, na hawakutani. Yanywe kama unayapenda.

Kwa hizo 6,500 nunua ngao ya uso yenye kioo namba 10 au 11, ile inayofunika mpaka shingo, na aproni ya ngozi. Miwani ya jua ya barabarani haitoshi. Ule mchanga unaouhisi machoni usiku ni seli za juu za jicho zikifa kwa majeraha niliyoyaeleza. Vaa mikono mirefu ya pamba nzito, simama upepo ukitokea ubavuni ili moshi usikupitie puani. Ngozi ambayo haipigwi tena hupata nafuu kidogo, kwa sababu mafundi wanapata muda wa kumaliza kazi na kinga inapata muda wa kuwafukuza wale wapangaji. Kidonda cha shingoni au usoni kisichopona kwa mwezi, nenda kionwe na daktari wa ngozi.

Mvi sizibebeshi mashine yako. Watafiti wa Japani walionyesha mwaka 2009, kwa panya, kwamba seli mama za rangi ya nywele zikijeruhiwa DNA huacha kujizalisha na nywele zikatoka nyeupe. Lakini waliwapiga mionzi mikali ya kupenya, na mwale wa rodi haufiki huko chini. Huenda pacha wako naye zinakuja, au anazipaka rangi.

Watoto, hapana. DNA iliyoharibika shingoni haina njia ya kufika kwenye mbegu. Kinachoongezeka kwenye mbegu ni makosa ya kunakili: utafiti wa Iceland wa mwaka 2012 ulikuta mtoto huzaliwa na mutesheni mpya kama mbili zaidi kwa kila mwaka anaoongeza baba, na hilo linamhusu karani kama linavyokuhusu wewe. Ila kama una kijana anayekuja karakanani Jumamosi kukushikilia geti huku amefumba jicho moja, lenzi ya jicho lake changa hupitisha miale mingi kuliko yako. Nunua ngao mbili.